Hivi haya maneno ya kanisani tuliyatoa wapi? Padre, kasisi, kipaimara, toharani…

#1 Mtoto wa Katekista

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara. Juzi tuko mezani, na mgeni yupo, akaniuliza: "Baba, toharani ndiko wanakopelekwa wale ambao hawajatahiriwa?" Mgeni akapaliwa na maji. Mimi ambaye marehemu mzee wangu alikuwa katekista miaka thelathini, aliyekuwa akitukaririsha katekisimu kabla ya uji, sikuwa na jibu. Nikamwambia maliza chakula.

Usiku nikachukua karatasi nikaanza kuorodhesha maneno tunayoyasikia kila Jumapili. Kanisa, askofu, kasisi, injili, msalaba, sala, ibada, neema, sadaka, madhabahu, malaika, zaburi. Kila nikigusa, Kiarabu. Hoja yangu ndiyo hii: Ukristo wetu ulivishwa kanzu pale pwani kabla haujapanda bara, na karibu maneno yote ya kanisani ni ya Kiarabu. Anayebisha alete nondo.

#2 Kobe Mzee

Nimeweka kiti. Chai ya tangawizi ipo, karanga zipo. Wajuzi waje.

#3 Mwl Mstaafu

Mtoto wa Katekista, binti yako kauliza swali la haki kabisa. Tohara kwa asili yake ya Kiarabu ni usafi. Kutahiri tukakuita tohara kwa sababu ya usafi huohuo. Kilatini wanasema "purgatorium", mahali pa kutakasia. Aliyetafsiri akachukua tohara, akabandika -ni ya mahali kama shambani na nyumbani, ikawa toharani, yaani penye kutakaswa. Jando halimo. Mwambie asiogope.

Ila hiyo "karibu yote" yako inachechemea. Umeandika orodha ya upande mmoja. Misa, sakramenti, altare, parokia, novena, komunyo: hayo ni Kilatini. Sakramenti kwa Warumi wa kale kilikuwa kiapo cha askari anapoingia jeshini. Ekaristi ni Kigiriki, maana yake shukrani. Liturujia nalo ni Kigiriki, kazi ya watu wote. Hata katekista, cheo cha mzee wako, limetokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuifanya sauti ivume masikioni mwa mtu. Kwa hiyo alivyokuwa anawakaririsha kabla ya uji alikuwa anafanya kazi yake sawasawa.

Halafu kuna ya kwetu wenyewe ambayo hatuyaoni kwa sababu yako wazi mno. Mtume ni mtu aliyetumwa. Agano ni kuagana. Wokovu, okoa. Mchungaji sina haja ya kueleza. Mtakatifu limetoka kwenye kutakata, aliye safi bila doa. Na ninalolipenda kuliko yote: Majilio. Kilatini "adventus" ni kuja tu. Mtu mmoja akakaa, akaliangalia -ja letu, akatoa "majilio". Sijui kama leo kamati ingefikia hapo bila posho.

#4 Nyasa_77

Mwalimu, heshima yako. Nyongeza kidogo kwenye sala. Mtoto wa Katekista kaiweka kwenye Kiarabu, sawa, lakini Waarabu nao wanaisimulia kutoka kwa jirani. Mizizi ya "salati" iko pia katika Kiaramu, lugha aliyoongea Yesu mwenyewe. Vivyo hivyo kanisa: Kiarabu "kanisa", Kiaramu neno la mkusanyiko, na Kiebrania ndiko linakotoka Knesset, bunge la Israeli. Mzizi mmoja, kukusanya. Mnaposema "Kiarabu" mjue Kiarabu kilikuwa njia tu.

#5 Mvita Halisi

Nyote mwataja Waarabu na Warumi, mwawasahau Wareno. Nyinyi watu wa bara historia yenu yaanza na meli ya mmisionari.

Padre ni Kireno, baba. Meza ni Kireno, basi hata "Meza ya Bwana" mguu mmoja uko Lisbon. Mvinyo, Kireno. Na sasa nawapa kubwa kuliko yote: GEREZA. Kireno kanisa ni "igreja". Ondoa hiyo i ya mbele, tia irabu katikati kama tulivyozoea, wapata gereza.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa 1593. Ndani mlikuwa na kanisa lao. Watu wa mji wasikia wenyewe wayasema "igreja, igreja" kila wakiingia mle ndani, basi jumba lote likaitwa hivo. Baadaye Waingereza wakaligeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Babu yangu alikuwa akipita pale akiwaona wafungwa wachota maji. Jina la kanisa likabaki kwa wafungwa.

#6 Kobe Mzee

Kwa hiyo nikisema shemeji yangu yuko gerezani, maana yake yuko kanisani? Basi ni mcha Mungu sana yule. Yuko ibadani tangu 2019 na bado hajatoka.

#7 Chuma cha Reli

Mvita Halisi, hapo naona tundu. Ikiwa gereza lilikuja kuwa jela 1895 kwa mkono wa Mwingereza, mbona neno lilikuwa na maana ya kifungo na ngome pwani nzima, si Mombasa tu? Nenda Kilwa Kisiwani. Lile boma kubwa pale ufukoni, lililojengwa upya enzi za Waomani, jina lake mpaka leo ni Gereza. Halikuwa kanisa. Nimefika 2016 na wanafunzi, mzee mtembezaji anakuambia "hili ndilo Gereza" na watoto wanaanza kuuliza wafungwa walilala wapi.

Mimi naona gereza kwanza lilikuwa NGOME. Ngome ndiyo inayofungia watu, popote duniani. Habari ya kanisa inaweza kuwa kweli au isiwe, lakini Mwingereza hahusiki.

#8 Mvita Halisi

Chuma, hujanipinga, umeniongezea. Igreja, kisha jumba lenye igreja, kisha ngome yoyote, kisha jela. Neno latembea. Lamu nako ile ngome ilikuwa jela hadi 1984, wazee wa Lamu wote wayajua haya. Na Unguja je? Ngome Kongwe Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, baada ya kuwatoa. Kanisa tena! Mara mbili si bahati.

#9 Chuma cha Reli

Mara mbili ni mara mbili. Wareno popote walipojenga walitia kanisa, kwa hiyo ukichimba popote utalikuta. Hiyo haithibitishi neno.

#10 Mswahili wa Ruwi

Asalaam aleikum jamaa zangu. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Unguja, naishi Muscat, niruhusuni nichangie kwa adabu.

Kwanza kasisi na padre. Kasisi limo ndani ya Qurani, sura ya tano aya ya 82, "qissisina wa ruhbana", makasisi na watawa. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani walilijua neno hili katika visomo vyao kabla mmisionari yeyote hajashuka Mkunazini, Unguja. Asili yake ya mbali ni Kisiria, maana yake mzee. Wakristo wa Sham, yaani Siria, walikuwa wakiwaita viongozi wao wazee tu.

La pili ni KUHANI. Hili huwa linanichekesha. Katika Biblia ya Kiswahili kuhani ni mtu mtakatifu, anaingia patakatifu. Hapa Muscat ukimwambia mtu wewe ni "kahin" umemtukana: ni mpiga ramli, anayedai kusema na majini. Qurani 69:42 inakataa kwamba yale ni maneno ya kahini. Mwanangu alipoona kwenye simu picha ya Haruni imeandikwa "kuhani mkuu" akaniuliza mbona wanamwita mganga mkuu.

#11 Nyasa_77

Mswahili wa Ruwi, wa aleikum salaam, karibu sana. Umesema kweli, ila Kiebrania nacho kina "kohen" na huyo ndiye kuhani wa hekaluni. Wakristo wa Kiarabu wenyewe humwita padre wao "kahin" bila tatizo. Aliyetafsiri alifuata Wakristo wa Kiarabu au alifuata Kiebrania, hakufuata mtaa wa Ruwi.

#12 Mtoto wa Katekista

Hapo ndipo ninapotaka tufike. NANI aliyachagua? Askofu halimo kwenye Qurani kama kasisi. Shemasi nalo halimo. Yaliingiaje?

#13 Nyasa_77

Jibu langu: wamisionari wenyewe, kwa makusudi. Ludwig Krapf kabla ya kuingia Mombasa 1844 alikaa Ethiopia miaka kadhaa, na Kiarabu alikuwa nacho. Edward Steere wa Unguja alikuwa msomi wa lugha. Watu hawa walifika na vitabu vya Kiarabu mkononi. Walipokosa neno mtaani walifungua Biblia ya Kiarabu. Askofu ni "usquf", ambalo ni Kigiriki "episkopos", mwangalizi. Shemasi ni "shammas", Kisiria, mtumishi. Hayo hayakuokotwa sokoni Darajani, yalitoka kwenye karatasi.

#14 Kobe Mzee

Mimi nilidhani shemasi ni kutoka shamsi, jua, kwa sababu kila shemasi ninayemjua anang'aa kipara.

#15 Mwl Mstaafu

Kobe, hapana. Herufi zinafanana ila kazi ni tofauti. Nyasa kasema sawa, ni mtumishi.

Lakini Nyasa, nakupinga kidogo. Wale watafsiri hawakuwa peke yao chumbani. Steere alikuwa na Waswahili wa Unguja wakimsahihisha, na wale walikuwa Waislamu wasomi. Neno lisilosikika vizuri wangelikataa. Ndiyo maana tukawa na Biblia ya Kiunguja 1891 na ya Kimvita 1914, kila mji na masikio yake, mpaka wakakubaliana na ile ya Muungano, 1952. Kwa hiyo maneno mengi yalipita kwenye mdomo wa Muislamu kwanza. Hoja ya mleta uzi kuhusu kanzu ina ukweli wake, nusu.

#16 Mvita Halisi

Na Wagoa je, Wahindi Wakatoliki wa Goa iliyotawaliwa na Wareno? Wagoa wa Unguja na Mombasa walikuwa wakisali na padre wao. Na Bara Hindi nzima mtu wa dini ya Kikristo aitwa "padri", hata kama ni Mwingereza. Basi hiyo -i ya padri yaweza kuwa yatoka Bombay, na hiyo -e ya padre yatoka Lisbon. Sisi twazo zote mbili.

Tena msisahau, Mombasa mlikuwa na Wakristo Waswahili kabla ya Krapf kuzaliwa. Sultani Yusuf bin Hasan alilelewa Goa, akabatizwa Jerónimo. Akarudi kutawala, kisha 1631 akaasi, akamchoma kisu kapteni wa ngome akarudi kwenye Uislamu. Wale watu wake waliobatizwa kanisa walikuwa wakiliita nini? Mimi nasema gereza.

#17 Chuma cha Reli

Unasema. Umesikia wapi?

#18 Mvita Halisi

Nasema.

#19 Moto wa Upako

Bwana Yesu asifiwe wapendwa! Mnazunguka sana na mapokeo. Pasaka iko wazi, ni kutoka Kiingereza "pass over", malaika alipita juu ya nyumba zenye damu. Kila neno lina ufunuo wake.

#20 Nyasa_77

Amina ndugu, lakini hapana. Kiebrania ni Pesaki, Kiaramu na Kigiriki "paska", ndilo tulilolipokea. Hilo la Kiingereza lilitungwa na mtafsiri wao wa karne ya 16 ili lifanane na Pesaki kwa sauti na maana. Wao ndio walioiga, sisi tumechukua kongwe zaidi.

#21 Moto wa Upako

Nimepokea. Ila maneno mazuri ni yetu sisi: upako, ushuhuda, maombi ya kufunga, mapambio. Hakuna Kilatini hapo.

#22 Mwl Mstaafu

Ni kweli, na ni jambo la kuvutia. Makanisa ya kiroho yalipopanuka Kiswahili kilishakuwa cha watu wa bara, hawakuhitaji kukimbilia Kilatini. Upako ni paka tu, mafuta. Mlokole je? Hilo si la kwetu kwa kuzaliwa. Ni Kiganda, "balokole", waliookolewa, la uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930. Likavuka mpaka pamoja na wimbo wa Tukutendereza, ambao mpaka leo Wachaga wanaimba kwa Kiganda bila kujua neno hata moja.

#23 Kibosho Baridi

Mwalimu, tunajua. "Tunakusifu." Usituonee.

#24 Mswahili wa Ruwi

Samahani, moja tu kabla sijalala. ZAKA. Nilihudhuria arusi ya rafiki Mkristo Dar es Salaam, tangazo likasomwa la zaka, asilimia kumi. Nikashtuka. Kwetu zaka ya mali ni moja ya arobaini, yaani mbili na nusu kwa mia.

#25 Kobe Mzee

Bei ya kanisani imepanda kwa sababu ya usafiri kutoka pwani.

#26 Mtoto wa Katekista

😂😂 Kobe wewe.

Ni kweli lakini, fungu la kumi la Biblia tukaliita zaka na jina likabaki na kiwango kingine. Ruwi, ahsante, hilo sikuwahi kuliwaza.

Nirudi kwa binti. Leo kanijia na jingine. Katika orodha ya sakramenti saba kuna "Daraja". Anauliza, daraja la mto gani?

#27 Zabibu Kavu

Mtoto wa Katekista, nisikie mimi. Mwaka 1994, parokia siitaji, mtihani wa kipaimara. Swali: "Eleza Sakramenti ya Daraja." Nikaandika: "Ni kivuko cha kutoka dhambini kwenda mbinguni, kilijengwa na mapadre." Niliona nimepiga pointi. Katekista alinisomesha jibu langu kwa sauti mbele ya wote, nikiwa nimesimama juu ya benchi, huku darasa zima likicheka. Mpaka leo mdogo wangu akinipigia simu anaanza na "kivuko vipi?"

#28 Mwl Mstaafu

Pole. Daraja hapo ni ngazi, cheo, kama daraja la kwanza kwenye mtihani. Kilatini "ordo" ni safu, mpangilio wa vyeo. Kiarabu "daraja" ni kidato cha ngazi. La kuvukia mto limetoka hapohapo pengine kwa sababu ya kupanda na kushuka. Jibu lako halikustahili benchi.

#29 Kobe Mzee

Na Papa? Miaka mingi nikiwa mtoto wa Mafia nilikuwa nashangaa kwa nini Wakatoliki wanaongozwa na samaki mwenye meno.

#30 Zabibu Kavu

Ndiyo sababu tunasema Baba Mtakatifu, Kobe. "Papa" ni baba kwa Kigiriki na Kilatini cha mitaani. Na kardinali, mkitaka mjue, limetoka "cardo", bawaba ya mlango. Kanisa linazunguka juu yao. Laurean Rugambwa alipofanywa kardinali 1960, wa kwanza Mwafrika, Bukoba ilipata bawaba.

Sasa na mimi niulize. Kwenye misa tunasema mkate na DIVAI. Hapa Dodoma zabibu tunalima wenyewe lakini neno si letu. Mvita kasema mvinyo ni Kireno. Divai je?

#31 Mtoto wa Likasi

Jambo wandugu. Mimi niko Kongo, hilo nalijua: "du vin", Kifaransa. Mtu anasikia "du vin, du vin", anaandika divai. Kwetu pia tunasema Noeli, si Krismasi, na padiri. Rwanda wanasema Noheli. Ni Wafaransa na Wabelgiji.

#32 Zabibu Kavu

Sawa, basi ni Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Bagamoyo, 1868. Walikuwa Wafaransa, walipanda miembe, wakaleta na divai yao. Na Noeli wetu wa Kikatoliki ndio wao. Imeisha.

#33 Chuma cha Reli

Haijaisha. Wafaransa walikuwa Kilwa karibu miaka mia kabla ya hapo. Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa 1776, wa kununua watumwa wa kupeleka visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Unadhani mabaharia wale hawakuwa na pipa? Divai inaweza kuwa ilishuka na wafanyabiashara wa watumwa muda mrefu kabla haijapandishwa altareni. Si lazima kila neno linalotumika kanisani liwe limezaliwa kanisani.

#34 Nyasa_77

Hiyo ya Chuma inauma, lakini inawezekana. Kanisa la Mkunazini lenyewe lilijengwa juu ya soko la watumwa baada ya kufungwa 1873. Maneno nayo yana viwanja vyao.

#35 Dada wa Tabora

Wapendwa nimesoma wote. Mmesahau HEKALU. Niliambiwa chuoni kwamba asili yake ya kale kabisa ni Kisumeri, "e-gal", nyumba kubwa, yakapita Waakadi, Waebrania, Waarabu mpaka kwetu. Sasa angalieni: kwetu Unyamwezini makao ya mtemi yanaitwa IKULU. Nyumba kubwa! E-gal, ikulu. Hamuoni? Mimi nasema ni neno moja, sisi ndio tuliowapa Wasumeri.

#36 Mwl Mstaafu

Dada, nusu ya kwanza sawa kabisa, hekalu ndiyo safari yake. Nusu ya pili tunakuomba ushuke taratibu. Ikulu ni -kulu ya Kibantu, kubwa, kama mkulu na bakulu kwa majirani. Kufanana ni bahati.

#37 Dada wa Tabora

Mwalimu ana wivu kwa sababu kwao hakuna mtemi.

#38 Kibosho Baridi

Kwetu kuna Mangi, Dada, usimjumuishe Mwalimu na wengine.

Mimi nataka kujua KIPAIMARA yenyewe, maana ndiyo iliyoleta uzi na hakuna aliyeigusa. Katika ukoo wetu tuna Walutheri na Wakatoliki na wote tunatumia.

#39 Zabibu Kavu

Ni "kipaji imara". Unapokea vipaji saba vya Roho Mtakatifu, unaimarika. Likafupishwa.

#40 Nyasa_77

Sikubali. Kipaji kikifupishwa ji inakwenda wapi? Ni KIPA + IMARA, kitu kinachokupa uimara. Kama kifungua mimba, kifungua kinywa. Na Kilatini "confirmatio" maana yake ni kuimarisha, inakaa palepale.

#41 Mtoto wa Katekista

Marehemu mzee wangu alikuwa anafundisha kwamba ni "kupa mara", yaani unapewa mara moja tu katika maisha, hairudiwi. Hata ubaoni alikuwa anaandika hivyo kwa chaki, kupa, halafu anaruka nafasi, mara. Sijui alitoa wapi, ila darasa lake lote la kijijini kwetu linaamini hivyo mpaka leo.

#42 Nyasa_77

Apumzike kwa amani. Kama fundisho ni zuri, kama asili ya neno nabaki na kipa imara.

#43 Kaloleni Juu

Wadau wa Tanzania, mnisaidie. Niko Kilifi, Mkatoliki wa Kigiriama. Nilienda kwa shangazi Morogoro, Jumapili ananiambia "leo tunasali kigangoni". Nikakataa kutoka nyumbani. KWETU KIGANGO ni nguzo ya mbao ya kuchonga inayosimamishwa kwa ajili ya mzee mkubwa aliyekufa, wa chama cha Gohu. Haiguswi ovyo. Vigango vikiibwa na kuuzwa ng'ambo ukoo unaamini balaa inafuata. Nikamwuliza shangazi, Wakatoliki wa huku mnasali kwenye vigango? Akanijibu ndiyo, tena kila Jumapili.

#44 Kobe Mzee

Nimeanguka kitini.

#45 Zabibu Kavu

Kaloleni pole sana. Kwetu kigango ni tawi la parokia, kakanisa ka mbali ambako padre anafika mara moja moja na katekista ndiye anayeongoza ibada. Nadhani limetoka kwenye kuganga, kuunga kilichovunjika, kama gango la seremala linaloshika mbao mbili. Kigango kinaunga kijiji na parokia.

#46 Chuma cha Reli

Au kinaitwa hivyo kwa sababu awali watu walikusanyikia karibu na nguzo yenye kengele. Nimeona vigango vingi vya zamani, hakuna jengo, kuna mwembe, na chuma cha reli kimening'inizwa kinagongwa. Ndiko nilikotoa jina langu, mkitaka kujua.

#47 Kaloleni Juu

Basi nguzo kwa nguzo. Nitamwambia shangazi tumekutana.

#48 Mtoto wa Likasi

Huko kote mnabishana, kumbe Waganda walishagawana: Mprotestanti anasema "ekkanisa", Mkatoliki anasema "eklezia". Ukimsikia mtu neno moja tu unajua atazikwa na nani. Rwanda ni "Kiliziya" kwa Wakatoliki. Neno la kanisa limekuwa kitambulisho.

#49 Nyasa_77

Kwetu pia ipo. Ukisikia Dominika, Mkatoliki. Jumapili, wengine wote. Kasisi kwenye vitabu ni Mwanglikana, ingawa Masasi kila mtu anamwita padre tu, tangu enzi za Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana. Usharika, Mlutheri. Tumsifu Yesu Kristo ukijibiwa "milele amina" bila kufikiri, umeshajua.

#50 Kibosho Baridi

Na KWARESIMA? Haraka haraka.

#51 Mvita Halisi

Kireno, Quaresma. Siku arubaini.

#52 Zabibu Kavu

Kiitaliano, Quaresima. Tazama i yake iko palepale. Dodoma na Iringa tulikuwa na Waitaliano.

#53 Chuma cha Reli

Kiswahili hakipendi s na m zikigusana, kingetia i hata neno lingetoka mwezini. Kwa hiyo i haithibitishi kitu.

#54 Mvita Halisi

Chuma leo amekataa kila kitu isipokuwa chakula cha jioni.

#55 Mtoto wa Katekista

Wakuu, nimemsomea binti machapisho yenu mpaka #47. Toharani ameelewa. Daraja ameelewa. Ya kivuko amecheka mpaka ameshika tumbo, Zabibu usichukie. Kuhusu kipaimara amesema ataandika "kupa mara" kwenye mtihani kwa sababu ndivyo babu alivyofundisha, na mimi sijamkataza.

#56 Zabibu Kavu

Mwambie asisimame karibu na benchi.

#57 Mpita Njia

Habari zenu wadau, uzi mrefu sijasoma wote. Kwani sahihi ni padre au padri?

#58 Kobe Mzee

Anza #16. Ukifika kwenye sultani na kisu, umeshapitiliza.